Usipeleke hicho kifaru gereji

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Leopard 2A7 yako, kile kifaru cha vita cha Kijerumani cha modeli ya plastiki, imeshaungwa na Jumamosi unampelekea fundi rangi wa gereji aipulizie kwa kompresa, "na thina ya kawaida tu". Umeuliza na mambo ya minyororo, vibati vya wavu wa injini na zile rangi tatu za jeshi la Ujerumani. Watu wamekujibu "iko poa, hata mimi nafanya hivyo". Hao "hata mimi" waombe picha.

Mimi niko Kigoma, Mwanga. Changu kilikuwa Leopard hiyo hiyo, skeli ya 1/35, yaani kidogo mara 35 kuliko kifaru halisi: bodi ya mita 7.7 inakaa mezani kwa sentimita 22, magurudumu saba kila upande, mtutu wa milimita 120 unabaki milimita tatu na ushee. Ndugu yangu, nilikiunga mpaka vishikio vya milango. Na mji huu una historia ya kuunga vitu vya kwenye makasha. Meli ya Liemba ilikuja vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapa hapa na kushushwa ziwani 1915. Nikajiona mjukuu wa wale mafundi.

Sasa kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp, simtaji, yeye mwenyewe anajijua. Nilimuuliza swali lako hili hili. Akajibu kwa sauti, sekunde chache tu: "Thina ni thina, bwana." Nikaamini. Nikaenda gereji, fundi akachanganya praima ya gari na thina ya dukani, akapiga koti moja la nguvu kama anapiga bonati ya Noah. Fundi simlaumu, yeye kazi yake ni mabati.

Kifaru kilipendeza kwa muda wa kunywa soda. Halafu mnara, kile kichwa cha juu kinachobeba mtutu, ukaanza kujikunja ngozi kama kenge. Mistari ya paneli ikajaa, boliti zikalala, mtutu ukainama taratibu kuelekea chini, ukawa unalenga buti zangu. Mnajua vifaru vya siku hizi vina ule ukwaru juu ili askari wasiteleze? Kuna watu wananunua unga maalumu wa kuutengeneza. Mimi niliupata bure, mpaka kwenye vioo vya periskopu.

Sababu ni hii, na ndiyo ambayo hakuna aliyekwambia. Plastiki ya vifaru hivi ni polistairini. Thina ya rangi za gari kwa kawaida ina toluini, asetoni na ndugu zao, na hivyo ndivyo vinavyoiyeyusha. Angalia hata gundi yako nyembamba ya kuungia: kazi yake si kunata, ni kuyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, na mara nyingi ndani yake mna asetoni hiyo hiyo. Ulitumia tone kwenye ncha ya brashi. Fundi atakumwagia kikombe kizima.

Najua atakuja mtu hapa aseme kuna rangi za laka za modeli na watu wanazitumia. Ndiyo. Thina zake ni za upole, zinapulizwa kwa bunduki ndogo ya rangi, ukungu mwepesi unaokaribia kukauka kabla haujatua. Bunduki ya gereji inalowesha. Kinachoua ni ule ulowevu unaokaa juu ya plastiki.

Na ubaya mwingine hauonekani siku hiyo. Petroli au tapentaini ikijipenyeza kwenye mikono ya magurudumu, pale plastiki ilipobanwa, inaweza kukaa kimya halafu mkono ukapasuka baadaye ukiwa juu ya rafu, hujaugusa. Kwa hiyo usinambie "nilijaribu, nikaona haina shida" kwa dakika tano.

Kuhusu minyororo: ile ya vipande vipande iunge kwanza kwenye meza, halafu... hapana, ngoja, minyororo haina maana kama bodi imeyeyuka. Turudi kwenye thina.

Kanuni yangu ni moja tu: hakuna kimiminika kinachogusa kifaru kabla hakijalala usiku kucha kwenye fremu. Zile fremu ulizokatia vipande, umezitupa? Kazitafute jalalani. Ni plastiki ile ile iliyo kwenye kifaru chako, na hazina hasara. Hata rangi ya maji, hata spiriti, ambayo kwa kawaida haiidhuru polistairini, mimi bado naijaribu. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Sawa.

Yule wa "thina ni thina" nilikuja kumwomba picha za kazi zake. Anachonga magari ya mbao! Mvule, mkuu! Mbao haiyeyuki hata uichemshie thina. Miaka yote anatushauri kwa ujasiri wa profesa, na hajawahi kushika plastiki.

Basi fanya hivi leo: kachukue kidogo ya thina ya fundi wako kwenye kifuniko cha soda, loweka kipande cha fremu, kesho asubuhi kikwangue kwa ukucha. Weka picha hapa. Rangi tatu za Wajerumani tutazizungumza ukiwa bado una kitu cha kupaka.