Kabla ya Kununua Seva, Tupange Tasnifu Zetu

Mimi ni mkutubi hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwatafutia wanafunzi wa uzamili tasnifu za waliowatangulia. Chuo hiki kina hazina yake ya kidijitali, kile kina yake, na nyingi bado ni makaratasi yaliyojalidiwa rafuni. Ndiyo maana wazo la maktaba moja ya taifa ya tasnifu naliunga mkono kwa moyo wote.

Ila watu wakilijadili huanza na seva na bajeti. Naomba tuanze na maelezo ya kila tasnifu: mwandishi, msimamizi, mwaka, ikisiri (yaani muhtasari), maneno ya kutafutia. Chukua Makutupora, yanakotoka maji tunayokunywa jijini. Utaikuta imeandikwa Makutupora, Makutopora na Makutapora. Utafiti uliotoka mwaka 2013 katika jarida la Nature Climate Change, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya ardhini pale, umeandika Makutapora. Mwanafunzi akikosea herufi moja tu, hapati kitu, kisha anaandika kwenye pendekezo lake kwamba suala hilo halijatafitiwa. Wanakijiji wale wale wanahojiwa upya, na ada ya mzazi inalipia kazi iliyokwishafanyika. Hili linaniuma sana. Dawa yake ni orodha moja ya kitaifa ya majina ya mahali, inayounganisha tahajia zote. Na maneno ya kutafutia yawepo pia kwa Kiswahili, maana bwana shamba wa Hombolo, hapa Dodoma, anaandika "zabibu", si "grapes".

Mafaili yenyewe yabaki vyuoni. DSpace, programu ya bure ya kuendesha hazina za kidijitali ambayo vyuo kadhaa nchini vinaitumia, inaelewa itifaki ya OAI-PMH, yaani utaratibu unaowezesha mfumo mmoja kukusanya maelezo kutoka mfumo mwingine. Kituo cha taifa kinakusanya maelezo tu, na msomaji anapelekwa kwenye hazina ya chuo husika.

Ruhusa ya mwandishi ichukuliwe siku anapokabidhi nakala ya mwisho. Akishaajiriwa Kigoma na kubadili namba ya simu, humpati tena. Anayetaka kuchapisha makala kwanza apewe muda, lakini ikisiri ionekane. India waliweka kanuni mwaka 2009 kwamba tasnifu za uzamivu ziwasilishwe kwa njia ya kielektroniki, na leo hazina yao ya Shodhganga ina tasnifu laki kadhaa. Kwetu, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndiyo yenye nafasi ya kuweka sharti kama hilo. Hiari haitatufikisha.

Za zamani zisitukwamishe. Skani jalada, ikisiri na yaliyomo, andika ipo chuo gani na rafu ipi, iingize kwenye mfumo. Kurasa zilizobaki zitaskaniwa siku msomaji atakapoiomba.