Paka wa shelta kajificha chini ya kitanda na hali chakula, nimrudishe?

SWALI: Habari daktari. Nimechukua paka jike wa miaka kama minne kutoka shelta ya wanyama, leo siku ya tatu. Kajichimbia chini ya kitanda, sijamuona akila hata mara moja, na jana kaanza kupiga chafya. Nina paka mwingine wa miaka tisa, anakuja kunusa mlangoni anaanza kunguruma. Shelta walisema huyu mpya kachanjwa na kafungwa kizazi. Wengine wananiambia niwafungulie tu watazoeana wenyewe, wengine wanasema nimrudishe. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada yangu, na asante sana kwa kumchukua paka mkubwa, maana wengi wanakimbilia watoto wa paka, hawa wakubwa wanabaki. Usimrudishe, na huo mlango usiufungue bado.

Ila kuna kitu kimoja nataka ukijue leo leo, hali kabisa au hali ukiwepo? Hivyo ni vitu viwili tofauti. Pima chakula kwenye mizani ya jikoni usiku kabla hujalala, muachie karibu na alipojificha, asubuhi pima tena. Kama kimepungua basi anakula usiku nyumba ikitulia, na hilo ni kawaida kabisa kwa paka mgeni. Kama hakijapungua hata kidogo na hii ni siku ya tatu, usingoje wikiendi iishe, mpeleke kwa daktari. Paka asipokula mwili wake unavunja mafuta na kuyapeleka kwenye ini, sasa ini la paka haliwezi kumudu mafuta mengi kwa mkupuo, yanajazana humo mpaka linashindwa kazi. Inaweza kuanza ndani ya siku chache tu, na aliye hatarini zaidi ni paka mnene, watu wanamuangalia wanasema huyu ana akiba. Ukiona ufizi au weupe wa macho umekuwa wa njano ujue imeshafika mbali. Mi huwa nawaambia watu, paka mkubwa akimaliza masaa 24 bila kula piga simu uulize, akimaliza 48 aonwe.

Cha kujaribu nyumbani ni kumpa chakula kile kile alichokuwa anakula shelta, wapigie uwaulize ni kipi, kubadilisha utabadilisha baadaye taratibu kwa wiki nzima hivi. Chakula laini kipashe kidogo kiwe vuguvugu harufu itoke, kwa sababu paka anaamua kula kwa pua na huyu wako pua imeanza kuziba. Maziwa usimpe, wengi yanawaharisha.

Tuje kwenye chafya. Hayo yana dalili zote za mafua ya paka, binadamu hayamuambukizi, na hayamaanishi kwamba shelta walikudanganya kuhusu chanjo. Chanjo ya mafua inapunguza makali, haizuii kila kitu. Alafu kuna virusi vya hepesi ya paka, paka akishavipata mara nyingi anabaki navyo maisha yake yote vimelala tu, akipata stress vinaamka, na kuhama nyumba ni stress kubwa sana kwa paka. Kama macho yanatoa machozi mepesi na anakula, muangalie tu na umfute kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Makamasi yakiwa mazito ya kijani, au anapumua kwa mdomo, au ana vidonda kwenye ulimi, aende kwa daktari. Na tafadhali sana usimpe dawa ya mafua ya watu, paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja.

Ndo maana nasema mlango ubaki umefungwa. Karantini ya wiki mbili kwa uchache, na zikiisha bado anapiga chafya unaendelea. Bakuli zake na sanduku lake la mchanga viwe vya kwake peke yake, uanze kumhudumia paka wako mzee ndo uje kwa mgeni, ukitoka unanawa mikono kwa sabuni. Huyo wa miaka tisa chanjo zake ziko sawa? Kama zimepitwa, muulize daktari wako kabla hawajakutana.

Na ukipiga simu shelta waulize pia kama alipimwa damu ya lukemia ya paka, yaani virusi vinavyoshusha kinga ya mwili na vinaweza kuleta saratani, na lini. Watu wengi hawaulizi hili kabisa wakati ndo kubwa kuliko mafua, linasambaa kwa mate, yaani kulambana na kula bakuli moja kunatosha. Kipimo kimoja kikiwa safi siku za mwanzo za maambukizi kinaweza kukosea, ndo maana tunarudia baada ya wiki kadhaa.

Mzee kunguruma mlangoni sio ugomvi, anasema tu nimesikia harufu ya mgeni. Chafya ikiisha msugue mgeni mashavuni kwa kitambaa ukakiweke karibu na anapolala mzee, na cha mzee upeleke kwa mgeni. Wakishakizoea walishe kila mmoja upande wake wa mlango, kisha uufungue upenyo mdogo waonane wakiwa wanakula, mwisho dakika chache chumba kimoja ukiwepo. Kufoka kidogo kupo, lakini mmoja akimkazia mwenzake macho bila kupepesa huku kainama, tenganisha na urudi hatua moja nyuma. Masanduku ya mchanga yawe matatu kwa paka wawili. Hii kazi inaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi, na tabia ya kweli ya huyo paka utaanza kuiona humo, sio siku ya tatu akiwa chini ya kitanda.

Usiku huu anza na mizani.