Singe ya babu, ikatwe?

SWALI: Shikamoo mhariri, babu kaniachia singe (kile kisu cha kuchomeka mdomoni mwa bunduki) ya Mwingereza, chuma chake kama sm 43, imegongwa 1907, sasa fundi mmoja hapa Kirumba anataka aikate iwe kisu cha kupasulia sangara, nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe bana! Hiyo 1907 ni muundo, ya bunduki ya Lee-Enfield, sio lazima ndo mwaka iliotengenezwa. Kukata singe sio jambo geni, Wafaransa vita ya kwanza walikata za bunduki yao ya Lebel zenye sm 52 maana kwenye handaki zinakwama tu, Wamarekani nao 1943 wakashusha zao toka inchi 16 hadi 10. Ila grainda ikizidisha moto chuma kikageuka bluu, basi makali hayakai tena. Sangara tafutia kisu cha sokoni.