Kutoka "huu mdoli" hadi "huyu mdoli": ushauri kwa anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha kwa pesa za mfukoni

Watu walicheka. Si kile kicheko cha kufukuza woga, mtu anacheka huku kamshika jirani mkono. Walicheka hasa, wakigongana mabega kwenye mabenchi, mpaka mwuza karanga aliyekuwa nje akaingia kuona kuna nini. Ukutani mdoli wangu ulikuwa unavuka sebule na kisu cha jikoni, na mshipi wa wavuvi uliokuwa ukiuvuta ulimetameta kama utando wa buibui wenye umande.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza filamu yetu ya dakika 14 ilipoonyeshwa kwenye kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na kupunguza mitumba viuno. Mwenye ndoto ya filamu ni mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, ambaye ana simu yenye kamera nzuri na subira ya kukesha akihariri. Mimi niliingia kwa njia ya sindano tu: alitaka mdoli ushonewe gauni. Kabla sijajua nilikuwa mwandishi, mpishi na mshika taa, na wiki mbili baada ya aibu ile ndiye niliyesema turudie robo tatu ya kazi. Tulitumia shilingi za Uganda 210,000 kwa jumla. Karibu nusu yake iliteketea kwa sababu ya tamaa moja, ya kutaka mdoli utembee.

Usiutembeze mdoli. Nakuomba.

Hata wenye pesa hutoka jasho hapo. Katika Child's Play ya 1988, ile ya mdoli muuaji Chucky, Kevin Yagher alitengeneza midoli ya mitambo iliyohitaji watu kadhaa kuendesha uso na mikono ya mdoli mmoja, na kwa baadhi ya shoti mwigizaji wa kimo kifupi, Ed Gale, alivishwa nguo za Chucky na kuwekwa kwenye seti zilizojengwa kubwa kuliko kawaida ili aonekane mdogo. Wewe huna Yagher, una mshipi wa wavuvi. Lakini sini inayonikaa rohoni katika filamu ile haihitaji mtambo wowote. Mama anashika boksi la mdoli, betri zinadondoka sakafuni. Mdoli umekuwa ukiongea muda wote huo bila betri. Boksi moja na betri, basi. Mpwa wangu niliporudia kumwonyesha sini hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Shangazi, na sisi tumenunua mshipi roli nzima."

Annabelle ya 2014 ilitengenezwa kwa dola kama milioni 6.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 250, na huuoni mdoli ule ukitembea. Umekaa tu na lile tabasamu lake. Najua, dola milioni 6.5 si pesa za mfukoni, lakini kwa Hollywood ni pesa ya chai.

Kama lazima kitu kiende, basi iende kamera. Puppet Master ya 1989, iliyopelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupita majumba ya sinema, mapema kabisa inakupeleka mbio chini chini kwa macho ya kidude kifupi, miguu ya watu inapita juu yako kama nguzo. Sisi tuliazima gari la waya la mtoto wa jirani, lile la magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu, tukaifunga simu juu yake kwa mpira wa baiskeli. Sakafu ya saruji laini inafaa, ya udongo inatikisa picha mno. Ukisukuma gari polepole chini ya meza, ukaona visigino vya mama anayekoroga uji, mtazamaji anajua nani anatazama bila wewe kumwonyesha.

Sasa nikuambie habari ya macho, maana hapa ndipo ufundi wangu ulisaidia.

Mdoli wetu tuliupata kwenye mitumba kwa shilingi 8,000, wa plastiki ngumu, nywele nusu zimeng'oka. Ni ile aina ambayo ukiulaza macho yanafumba na ukiuinua yanafumbua. Nilikichomoa kichwa nione kunafanyika nini ndani. Nyuma ya kila jicho mna kipande kizito kidogo, hicho ndicho kinachovuta jicho kugeuka mdoli unapolazwa. Jicho la kushoto lilikuwa na vumbi likikwama. Nilichukua mafuta ya cherehani, yale ya kichupa chenye mdomo mrefu, nikatia tone moja kwenye jicho la kulia na la kushoto nikaliacha na vumbi lake. Ulipolazwa tena, jicho la kulia lilifumba mara moja. La kushoto likabaki wazi. Tukahesabu moja, mbili, ndipo likafumba, polepole, kama mtu aliyekuwa akisubiri uondoke. Mpwa wangu aliutupa mdoli kitandani. Shoti hiyo haikugharimu chochote, na ndiyo ya kwanza watu kuizungumzia mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujanunua rangi na kisu cha plastiki, ukae na mdoli wako jioni moja uujue kasoro zake. Mdoli mpya wa dukani hauna cha kukupa.

Jambo ambalo sikulisoma popote ni la lugha, na nadhani sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati hapa kuliko wenzetu. Tunasema huu mdoli. Mdoli umeanguka. Uokote. Ni kitu, kama mti au mkoba. Katika toleo la kwanza wahusika wetu wote walisema "huyu" tangu mwanzo, "huyu mdoli ananitisha," na hivyo tukawa tumemaliza siri dakika ya kwanza. Aliyetufungua macho ni binti wa jirani, wa miaka sita, aliyeigiza mtoto wa nyumba. Siku moja tulipumzika kula posho na maharage. Yeye akachukua sahani yake, akaiweka mbele ya mdoli, akaja kunivuta gauni. "Shangazi, huyu hajala."

Haikuwemo kwenye maandishi. Mpwa wangu alikuwa bado anarekodi.

Tukaandika upya kila kitu kuelekea mstari huo. Kwa dakika saba nzima kila mtu nyumbani anasema huu: huu mdoli umetoka wapi, nani ameuweka juu ya kabati, uondoe. Baba anauita takataka. Halafu mtoto anasema "huyu hajala," na mama anamsahihisha kwa upole, "huu, mwanangu." Baadaye, mama yuko peke yake, umeme umekatika, anapapasa kiberiti, naye anasema kwa sauti ndogo, "Yuko wapi?" Hakuna damu pale. Ngeli tu imebadilika. Ukiandika maneno ya wahusika, chunga silabi hizo ndogo kuliko unavyochunga mayowe.

Kuhusu mtoto mwenyewe: kabla ya kuanza nilimfunulia kichwa cha mdoli, akaona vile vizito, akavichezea. Mama yake alikaa nasi kila siku ya kazi. Sini za usiku hatukumhusisha, tulitumia bega la mpwa wangu aliyepiga magoti, gauni la mtoto begani. Usimtishe mtoto wa watu ili upate uso mzuri. Woga wa kweli wa mtoto hauondoki na kamera.

Kosa jingine la toleo la kwanza lilikuwa mganga. Tuliweka mzee mwenye hirizi aeleze kwamba mdoli umerogwa. Nililitoa, kwanza kwa sababu maelezo yanaua hofu, pili kwa sababu hapa kwetu mtu akinong'onezewa uchawi anaweza kupigwa au kuchomewa nyumba. Sitaki filamu yangu imuongezee bibi mmoja mpweke maadui.

Damu haina maneno mengi. Sukari iliyochemshwa na maji hadi iwe nzito, rangi nyekundu ya chakula, na kahawa kidogo iliyosagwa ili isionekane kama soda. Inanata, inaita nzi, funika. Wale jamaa wa Wakaliga, Kampala, kwenye filamu za mwongozaji Isaac Nabwana, walijaza damu ya uongo kwenye kondomu na kuzipasua kifuani kwa mwigizaji kama amepigwa risasi. Kwenye hadithi ya mdoli huhitaji kiasi hicho. Tulitumia kikombe kimoja.

Kwa Nabwana nilijifunza zaidi jambo la kuhifadhi kazi. Who Killed Captain Alex? ya 2010, iliyoipa Wakaliga jina duniani, tunaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie, msimuliaji wa filamu, juu yake, kwa sababu nakala safi ilifutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta kwa kazi nyingine. Nilipolisikia hilo nilinunua flashi mbili siku hiyo hiyo, moja nikaiweka kwenye mkebe wa vifungo dukani. Umeme ulikatika mara tatu tukiwa tunahariri, na mara ya tatu laptopu haikuwaka tena. Mkebe wa vifungo ndio uliotuokoa.

Na sasa VJ. Msomaji wa nje ya Uganda, huyu ndiye anayekaa na maikrofoni kibandani akitafsiri na kuchochea filamu inavyoendelea. Wa kwetu anachanganya Kiganda na Kiswahili, maana nusu ya watazamaji wamevuka kutoka upande wa Kenya. Ni hodari, na kwenye picha za ngumi hana mpinzani. Lakini filamu ya kutisha inaishi kwa kimya, na yeye analipwa kwa kutonyamaza. Siku ya kwanza, mdoli ulipotokea tu alisema, "Haya, mgeni amefika, mwekeeni kiti!" Tulikwisha hapo.

Mara ya pili nilimfuata mapema. Nikamnunulia soda na roleksi, chapati iliyokunjiwa mayai mawili, nikamwonyesha filamu nzima kwenye simu, nikamwomba sehemu mbili tu: jicho, na mstari wa mtoto. "Mama, ninyamaze kabisa?" Kabisa. Alikuna kichwa kana kwamba nimemwambia afunge duka. Ushauri wangu ni huo: usiwahi kupeleka filamu ya kutisha kibandani bila kukaa na VJ kwanza, na usimwombe anyamaze sehemu kumi, hatakubali. Omba mbili.

Jioni ile mvua ilianza kugonga mabati, nikadhani tumeharibikiwa tena. VJ akapiga soga zake vizuri tu mpaka jicho. Akazima maikrofoni, nikausikia mlio wa kuzima. Jicho la kulia likafumba. La kushoto likangoja. Kijana mmoja kwenye benchi la mbele akavuta miguu yake kutoka sakafuni akaiweka juu ya benchi, na hakuna aliyemcheka. Mtoto aliposema "huyu hajala", mwanamke nyuma yangu alisema "Ewe Mola" kama mtu aliyekumbuka jiko limewaka nyumbani.

Toleo la pili lina dakika tisa. Mdoli hautembei hata hatua moja.

Siku hizi umekaa dukani kwangu, juu ya rafu ya vitenge, gauni nimeubadilishia. Wateja wengine huniomba niugeuze uso ukutani kabla hawajapimwa, nami naugeuza, biashara ni biashara. Juzi mpwa wangu alipita asubuhi kunisalimu, nikamwambia, kwa kuwa wewe ni mrefu, ushushe huo mdoli nifute vumbi. Akautazama kidogo.

"Shangazi," akasema, "naomba umshushe wewe."