Usihame kijiji kabla hawajakuchanganyia maji ya sukari na chumvi na wewe ukaonja

Mkuu, simama hapohapo. Eti mpango wako wa kufundisha vijiji kuhusu kuharisha ni siku moja, mkutano wa hadhara na spika, mabango ya kipindupindu, kisha kesho kijiji kingine? Ndivyo nilivyofanya mimi, tena kwa mbwembwe kukuzidi.

Nilifundisha maji ya kumrudishia mtoto anayeharisha maji aliyopoteza mwilini, kwa wasio na pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji): maji salama lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Nikapiga picha za ripoti, nikaondoka kifua mbele.

Wiki tatu baadaye napita nyumba moja, nikamkuta bibi anamnywesha mjukuu. Nikaomba nionje, nikitarajia sifa. Nilitema palepale. Chumvi tupu! Akanionyesha alivyopima: kikombe kimoja cha maji, kijiko cha kupakulia, chumvi imejaa hadi inamwagika. "Si ulisema kijiko, mwanangu?" Cha chai hakikuwamo nyumba nzima, wala chombo cha lita. Na chumvi ikizidi, maji ya mwilini ndiyo yanazidi kupungua. Yule mtoto tulimkimbiza zahanati analia bila tone la chozi. Alipona. Mimi nilikaa siku mbili sitaki kusikia neno "elimu".

Na yule mkufunzi wetu wa semina! Alituapia kwamba ujumbe ukirudiwa mara tatu unakaa kichwani. Ulikaa kweli, kichwa chini miguu juu. Sidhani kama aliwahi kuonja kikombe cha mtu.

Kwa hiyo: achana na spika. Ingia jikoni kwao, wachukue vyombo vyao wenyewe, wachanganye mbele yako wewe ukiwa kimya. Kimya kabisa! Halafu onja, yasizidi chumvi ya machozi. Tafuteni pamoja chombo chao kinachoingia lita, mkikwaruze alama. Hata pakiti ya ORS usiiamini, utamkuta mtu anaigawa kwenye vikombe viwili wakati imeandikwa lita nzima. Mimi nimeonja mpaka nyumbani wananiita samaki wa bahari.

Kunawa mikono vilevile. Usiseme "naweni", mwambie anawe umwone. Sabuni iko wapi? Imefungiwa kabatini, ya wageni.

Mabango bandika tu, hayamdhuru mtu. Kwanza niambie, wiki ya pili nani anarudi kuonja?