Kwa anayeanza kulinganisha aina za ubepari: anza na kampuni, nchi itafuata

Wanafunzi wengi wanaoingia kwenye uchumi wa kisiasa wa kimataifa huanza kwa kuzipanga nchi katika mstari mmoja. Marekani inakaa mwisho huu kwa kuwa soko lina nguvu na serikali iko pembeni, Uswidi inakaa mwisho ule, na nchi nyingine zinagawana nafasi za katikati. Nakusihi uuache mstari huo mapema. Hautakueleza kwa nini kampuni mbili, zote za binafsi na zote zinatafuta faida, zikikumbwa na mtikisiko uleule hufanya mambo yasiyofanana kabisa.

Chukua mwaka 2009. Pato la taifa la Ujerumani lilishuka kwa zaidi ya asilimia 5, la Marekani kwa chini ya asilimia 3. Mtu angetarajia Wajerumani ndio wapoteze kazi kwa wingi. Lakini ni Marekani ambako ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba. Ujerumani ulipanda kidogo tu. Waajiri wa Ujerumani walipunguza saa za kazi badala ya kupunguza watu, na bima ya ajira ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mpango huo, Kurzarbeit, ulifikia wafanyakazi karibu milioni 1.5 katikati ya mwaka.

Ukiishia kuandika kwamba serikali ya Ujerumani inawajali watu wake, insha yako imekosa kiini. Uliza mwajiri alikuwa na sababu gani ya kukubali. Fundi wake amepitia uanagenzi wa miaka mitatu hivi, akigawanya muda wake kati ya chuo na kiwandani, na kampuni imegharamia sehemu kubwa ya mafunzo hayo. Kumwachia aondoke ni hasara. Sasa uliza tena: ilipata wapi ujasiri wa kumgharamia, wakati mshindani angeweza kumchukua kesho yake? Mishahara mingi ilikuwa inapangwa kwa mikataba ya sekta nzima, hivyo si rahisi kumvuta fundi kwa nyongeza ya mshahara. Na iliwezaje kuvumilia miezi ya hasara? Kampuni nyingi zimezoea kukopa kwa benki zinazozifahamu vizuri, kuliko kutegemea soko la hisa linalotazama faida ya kila robo mwaka. Ongeza sheria ya 1976, inayowapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, yaani bodi inayowasimamia wakurugenzi watendaji, katika kampuni zenye watu zaidi ya 2,000, ijapokuwa mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wanahisa, ndiye mwenye kura ya uamuzi pande mbili zikilingana.

Kushikana huko kwa taasisi ndiyo hoja nzito ya wasomi Peter Hall na David Soskice, waliotenganisha mwaka 2001 uchumi wa soko huria, kama wa Marekani, na uchumi wa soko ulioratibiwa, kama wa Ujerumani. Wengi hukariri majina mawili na orodha ya nchi, kisha hoja yenyewe wanaiacha. Marekani nayo ina mshikamano wake: ujuzi wa jumla unaohamishika, kuachishwa kazi kwa urahisi, na wawekezaji walio tayari kuweka fedha kwenye kampuni changa na kuziondoa zikikwama. Usiusome ubepari huo kana kwamba ni wa Kijerumani uliopungukiwa kitu.

Wala usiugandishe wa Ujerumani. Hadi mwaka 2015 nchi hiyo haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa mujibu wa sheria ya taifa. Haikukihitaji, maana mikataba ya vyama vya wafanyakazi na waajiri ilitosha. Mikataba ilipobakia kuwalinda wachache zaidi, hasa nje ya viwanda vikubwa, na mageuzi ya soko la ajira ya 2003 hadi 2005 yakapanua kazi za ujira mdogo, sheria ikalazimika kuziba pengo. Kwangu hilo ni somo zuri kuliko jedwali lolote: ujio wa kanuni mpya mara nyingi unakuonyesha taasisi ipi ya zamani imelegea.

Halafu kuna nchi ambazo mgawanyo wa aina mbili hauzitoshi. Korea Kusini chini ya Park Chung-hee ilitwaa benki mwaka 1961, na mikopo nafuu ikaelekezwa kwa kampuni zilizouza nje. Wafadhili wa kimataifa walipokataa kugharamia kiwanda cha chuma cha Pohang, serikali ilitumia fedha za fidia kutoka Japani, na chuma kikaanza kutoka mwaka 1973. Mwenye kumiliki alikuwa mfanyabiashara au serikali, lakini mkopo ulikuwa na masharti. Slovakia ni kisa kingine: inaongoza duniani kwa magari kwa kila mkazi, ila maamuzi makubwa ya viwanda hivyo hufanywa makao makuu yaliyo nchi nyingine.

Hapo ndipo neno "kimataifa" katika jina la somo linapodai haki yake. Mwaka 2015 ziada ya Ujerumani katika akaunti ya sasa, yaani hesabu ya biashara na mapato yake na nchi nyingine, ilizidi asilimia 8 ya pato la taifa. Ziada ya mmoja ni nakisi ya wengine, kwa hiyo huwezi kuwashauri wote wauige mfumo wake kwa pamoja.

Kwa kazi yako ya kwanza, chagua tasnia moja na kampuni mbili za nchi mbili, usome taarifa zao za mwaka. Tafuta nani anawakopesha, nani anamiliki hisa kubwa, nani anafundisha wafanyakazi na nani anaketi kwenye bodi. Taarifa za kampuni kubwa za Ujerumani hutaja wajumbe wa bodi ya usimamizi kwa majina na kuonyesha ni yupi anawakilisha wafanyakazi; linganisha ukurasa huo na ule wa kampuni ya Marekani kabla hujafungua kitabu cha nadharia.