Upawa si spatula: kufundisha vyombo vya jikoni kwa Kiingereza

Swali: Nafundisha Kiingereza darasa la jioni Kawangware, Nairobi. Wanafunzi ni kumi na wanne, wengi wanatafuta kazi za nyumbani na za hoteli. Niliwapa orodha ya vyombo 40 vya jikoni. Mtihani wa kuandika wanapita, lakini nikiinua upawa, mmoja anasema "spatula", mwingine "sieve". Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, orodha yenyewe ndiyo inayowachanganya. Maneno ya jamii moja yakifundishwa siku moja hugongana kichwani. Mtafiti Thomas Tinkham alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1993: maneno yasiyohusiana yalishikwa haraka kuliko ya kundi moja la maana. "Ladle", yaani upawa, na "spatula" zote zina mpini, zote huingia kwenye sufuria, na pengine uliziandika mstari mmoja chini ya mwingine. Zitenganishe kwa wiki nzima.

Panga somo kwa chakula badala ya kabati. Siku ya chapati chukua maneno sita tu: "bowl", "sieve", "rolling pin", "frying pan", "spatula", "plate". Kila chombo kiende na kitenzi chake: "sift the flour", "roll it out", "flip it". Leta vyombo vyenyewe, kwa sababu picha haishikiki mkononi. Taja chombo mara tatu ukiwa umekiinua, kisha toa amri na wao watende bila kusema neno: "Put the spatula in the bowl." Kusema kuje dakika kumi za mwisho, mmoja akimwamuru mwenzake. "Ladle" ingoje siku ya supu. Yale sita yarudie kipindi kinachofuata, tena baada ya wiki.

Sasa, kuna maneno ambayo tafsiri ya moja kwa moja itakuponza. "Jiko" kwetu ni chumba na pia ni kifaa. Kiingereza kinagawa: chumba ni "kitchen", kifaa ni "cooker" au "stove". Hapo ndipo mtu huandika kwenye barua ya kuomba kazi "I am a good cooker", akawa amejiita jiko. Mpishi ni "cook". Ile meko ya gesi ya kilo 6 ina majina mawili: mtungi ni "gas cylinder", pale moto unapowakia ni "burner". Nayo sufuria yetu haina mpini, ina ukingo uliolala, kwa hiyo "saucepan", yenye mpini mmoja mrefu, si yenyewe hasa. Nairobi watu husema "sufuria" hata katikati ya Kiingereza na wakaelewana, ila mwajiri mgeni wa Gigiri atahitaji kusikia "pot". Chekeche la unga ni "sieve". Chungio la chai ni "strainer". Usiyafundishe pamoja.

Matamshi yana mitego mitatu. Kwanza, ulimi wetu hupenda kumaliza neno kwa irabu, hivyo "oven" inakuwa "oveni". Waambie wakate mkia, na waanze na "a": "avn". Pili, "sieve" inalingana na "give". Atakayevuta "ii" hataeleweka upesi. Tatu, "pan" na "pen". Kwa "pan" taya lishuke zaidi ya linavyoshuka kwenye "e" yetu. Taja moja, wainue kalamu au kikaango. Wakiinua kalamu nusu darasa, bado hawajasikia tofauti, na hakuna haja ya kuwalazimisha kutamka.

Karatasi za majina kwenye vyombo zisikae zaidi ya siku mbili, la sivyo wanasoma badala ya kukumbuka.

Mtihani ufanyie kwenye beseni. Weka vyombo kumi ndani ya maji ya sabuni yenye povu, visu ubaki navyo wewe, kisha taja kimoja akitafute kwa mkono. Akipapasa bila kujua anatafuta umbo gani, neno hilo lirudi kipindi kijacho.